Dari ya kufunua na dari ya kufunika

Haya jamani, nimerudi. Wale mlioniuliza nimepotelea wapi likizo nzima, jibu ni hili: nilikuwa juu ya ngazi. Wenzangu mmeenda Zanzibar, mmeenda kijijini kula ndizi, mimi likizo yangu imeishia kwenye dari ya chumba cha Bibi pale Upanga, nakwangua gundi iliyopigwa kabla Mama hajaolewa. Mikono mpaka leo ikigusa sabuni inawasha. Hosteli wananiuliza kama nilikuwa fildi ya ujenzi. Nawaambia ndiyo, tena bila posho!

Najua dari siyo mada ya kumfanya mtu aache msuli. Lakini nyumba nyingi tulizokulia zina vitu juu ya vichwa vyetu ambavyo hakuna mtu anayejua ni nini. Siku moja fundi atakuja kwenu na nyundo, halafu wewe msomi wa familia utageukiwa na kuulizwa, "Eti, wewe unaonaje?" Mimi niligeukiwa. Kwa hiyo soma tu, hata kama unachukua sheria.

Kwanza niwape ramani. Fleti ya Bibi ni ya chini, kwenye jengo la zamani la ghorofa, jioni upepo wa bahari unaupata mlangoni. Vyumba vya ndani dari yake ni zege, yaani ndiyo sakafu ya majirani wa juu. Nyuma kuna uani, na pale uani kuna jiko na stoo, vina paa lao na dari yao tofauti kabisa. Dari hizo mbili ndizo habari yenyewe. Moja ilitakiwa kufunuliwa, nyingine ilitakiwa kuachwa imefunikwa, na mpango wa mwanzo wa familia ulikuwa kinyume chake kabisa.

Tuanze chumbani. Babu, Mungu amrehemu, alibandika vigae vya dari miaka ya 80. Msifikirie vigae vya udongo vya kwenye paa. Hivi ni vile vyeupe vyepesi, nusu mita kwa nusu mita, vina maua maua yaliyochorwa kwa kubonyezwa, vimetengenezwa kwa lile povu gumu linalokuja kwenye boksi la TV mpya. Jina lake la kitaalamu ni polistairini. Karibu chote ni hewa, ndiyo maana ukikishika kigae kizima kiganjani ni kama umeshika unyoya. Huko Uingereza walivibandika sana miaka ya 60 na 70, ilikuwa ndo fasheni. Vya Bibi vilishageuka rangi ya chai ya maziwa, na upande wa kitandani vitatu vilikuwa vimelegea, vinaning'inia kwa kona moja.

Mjomba akaja na hesabu yake. Yeye ndiye anayetoa hela, kwa hiyo sauti yake ndiyo kubwa. Mpango ulikuwa hivi: fundi apige fremu chini ya vigae, abandike jipsam, apake rangi nyeupe, siku tatu tu Bibi karudi chumbani kwake kabla ya mfungo. Vigae vibaki huko huko juu, nani atavionea? "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akacheka. Halafu jiko la uani, zile bodi za kijivu zenye sura mbaya, saidia fundi azipige nyundo asubuhi moja zishuke zote, na vipande vikajaze lile shimo la getini linalotuama maji mvua ikinyesha. Safi kabisa. Mtu yeyote angekubali.

Mama ndiye hakukubali haraka. Aliuliza swali moja tu: "Na ile alama?"

Alama yenyewe ni doa la kahawia, liko juu ya mto wa Bibi, limepita kwenye vigae kama vinne hivi. Mjomba akasema ni maji ya zamani, bafu la juu liliwahi kuvuja, yakaisha. Mama akasema alama ya zamani haikui, na hii inakua. Wakanyamaza wote wawili, halafu wakanigeukia mimi. Eti wewe unaonaje.

Sasa mimi nasomea mambo mengine kabisa, lakini kampasi faida yake ni marafiki. Jioni ile ile nikampigia rafiki yangu wa uhandisi ujenzi, na mwingine wa jiolojia (huyu subirini, zamu yake inakuja). Wa ujenzi akanipa maneno mawili ya kuanzia: usifunike zege ambalo hujaliona, na hilo povu ulijue tabia yake kwenye moto.

Tabia yake kwenye moto tuliiangalia uani. Nilimwambia, "Mjomba, naomba utazame kitu kimoja tu, halafu uamue mwenyewe." Nikachukua kipande kidogo kama kiberiti, nikakiweka kwenye mchanga mbali na nyumba, ndoo ya maji pembeni, nikakiwasha. Kwanza kilinywea kama kinasikia aibu. Halafu kikayeyuka, kikaanza kudondosha matone yanayowaka, na moshi mweusi tii ukapanda na masizi yanaelea kama nyuzi. Kipande cha kiberiti tu hicho. Chumbani kwa Bibi kuna chetezo cha udi kila Alhamisi jioni, na umeme ukikatika kuna mshumaa. Mjomba alitazama ule moshi, akatazama dirisha la chumba, hakusema kitu.

Kuna na jambo la waya, ambalo mimi sikuwa nalijua kabisa. Ile plastiki laini inayofunika nyaya za umeme, ikigusana na povu la polistairini kwa miaka mingi, mafuta yanayoilainisha yanahama taratibu kwenda kwenye povu. Waya unabaki mkavu, unapasuka ukiukunja. Sasa fikiria nyaya za taa za jipsam zimelala juu gizani, zimegusa vigae vya Babu, hakuna anayeziona. Hapo Mjomba alisema, "Basi vitoeni." Ila siku tatu zake aliziacha palepale, hakuziongeza hata moja.

Kuvitoa vigae ni mchezo wa watoto. Chumba ni mita tatu na nusu kwa nne, kwa hiyo vigae 56. Tulitoa kitanda, tukatandika turubai, tukazima umeme kwenye swichi kubwa, tukavua taa. Unapitisha mwiko mwembamba kati ya kigae na zege, unasukuma polepole, kinaachia. Vingine vinakatika, povu linamwagika kama mvua ya mawe, linakung'ang'ania nywele. Saa moja na nusu dari nzima ilikuwa kwenye mifuko. Fundi akasema, "Dada, si unaona, kazi imekwisha." Nikatazama juu. Wee! Kumbe ndo inaanza.

Babu alibandika kwa mtindo wa mabonge matano: kona nne na katikati. Mtindo wenyewe huko walikovitumia sana walikuja kuukataza, kwa sababu moto ukija kigae kinalegea katikati ya mabonge na kumwagika kikiwaka. Walitaka gundi ipakwe mgongo mzima. Lakini hiyo tuiache, kwetu sisi habari ilikuwa hesabu. Vigae 56 mara mabonge matano ni mabonge 280. Mengine ya kahawia, mengine meupe, magumu kama jiwe la kusugulia miguu, kila moja upana wa kifuniko cha chupa ya chai. Kila bonge ukilipa dakika tano, ni saa ishirini na tatu na ushee za kuangalia juu. Shingo ya nani?

Fundi akatoa mapendekezo mawili, na ninyi mtayasikia hayo hayo siku yenu ikifika. La kwanza, kupitisha mashine ya msasa, dari yote inakuwa laini kwa mchana mmoja. La pili, kupaka tina au petroli, gundi inalainika. Yote mawili tuliyakataa. Petroli ndani ya chumba chenye dirisha moja, mtu yuko juu ya ngazi, kichwa kiko kwenye mvuke, na jiko la gesi liko mlango wa pili? Hapana. Na mashine ya msasa ingegeuza mabonge 280 kuwa vumbi la kuvuta, wakati hakuna mtu anayejua gundi ya miaka ya 80 ilichanganywa na nini. Nilipotazama bonge moja kwa karibu liliponyofoka, niliona vinyuzi ndani yake. Vidogo, vyeupe. Moyo ukapiga paa.

Hapo ndo rafiki yangu wa jiolojia anaingia.

Kwa wasiojua: asbesto ni madini. Yanachimbwa kama mengine, ila yenyewe yamejengeka kwa nyuzi, unaweza kuyachambua kama pamba. Hayaungui, hayaozi, ni ya bei nafuu, kwa hiyo karne ya 20 dunia nzima iliyachanganya kwenye simenti na kutengeneza mapaa, mabomba na bodi za dari, na kwingine hata kwenye gundi na rangi nzito za dari. Kusini kwetu huku Zimbabwe ilichimba mengi sana pale Zvishavane. Tatizo ni kwamba nyuzi zikivunjika zinakuwa nyembamba mno, jicho halizioni, zinaelea hewani kwa muda mrefu, na zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Na kwa kutazama tu huwezi kujua bodi ipi inayo na ipi haina. Hata fundi wa miaka thelathini hajui kwa macho.

Idara ya jiolojia wana darubini za kutazamia mawe kwa mwanga uliochujwa upande mmoja, na darubini za namna hiyo ndizo zinazotumika kutambua nyuzi za asbesto. Rafiki yangu akamwomba fundi sanifu wa maabara, mtu mzima mmoja mpole sana. Nikaambiwa nilete vitu viwili: bonge la gundi, na kipande cha bodi ya jikoni. Nisivunje bodi. Bahati kona moja ilishakatika siku nyingi, iko sakafuni stoo. Nikailowesha maji, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ule nikautia kwenye mwingine, nikafunga. Kwenye daladala nilikaa nao mapajani kama nimebeba mayai.

Gundi ikawa salama. Vinyuzi vyake vilikuwa vya mimea, kama vya karatasi, bapa na vyenye mikunjo. Yule mzee akasema, "Hii ni ya bonge hili. Mengine nayo yaloweshe tu." Nikasema sawa.

Ile ya pili aliitazama muda mrefu zaidi. Halafu akaniita niweke jicho. Jamani, ni nzuri. Sijui niseme vipi. Ndani ya simenti ya kijivu kulikuwa na vifungu vya nyuzi laini zinazojipinda kama nywele za mtoto zilizotoka kuoshwa. Akasema inaonekana ni ile nyeupe, krisotili, maana ndugu zake wa bluu na wa kahawia nyuzi zao zinanyooka kama sindano. Akaongeza kwamba yeye hatoi cheti, ila kama ingekuwa nyumba yake asingeipiga nyundo.

Akatuhadithia na ya Afrika Kusini, na baadaye nilikwenda kuisoma mwenyewe. Mwaka 1960 daktari anayeitwa J. C. Wagner na wenzake wawili walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando unaozunguka mapafu, mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya bluu kule Cape kaskazini-magharibi. Kilichoshangaza ni kwamba wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliokaa karibu na machimbo tu, na wengine waligusana nayo utotoni, wakicheza kwenye vifusi vya mgodi. Wakakua, wakahama, wakaoa, wakawa na kazi zao nyingine, na ugonjwa ukaja kuwakuta miongo mingi baadaye. Hivyo ndivyo ulivyo, mara nyingi unachukua miaka ishirini, thelathini, arobaini au zaidi kujitokeza. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, na hiyo nyeupe imo. Uingereza ilipiga marufuku aina zote mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini yenyewe mwaka 2008.

Sasa turudi Upanga, maana nyundo ilikuwa imeshashikwa.

Saidia fundi wetu nitamwita Dogo. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, anatafuta hela ya chuo cha veta, analipwa elfu kumi na tano kwa siku. Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la uani, kavua shati, nyundo mkononi, anasubiri Fundi amalize chai. Barakoa hana. Nikamwambia asiguse. Akacheka kwa heshima, akasema, "Dada, sisi vumbi tumezaliwa nalo."

Hilo neno limenikaa mpaka leo. Kwa sababu ni kweli. Kwenye mpango ule wa asubuhi moja, Mjomba angekuwa ofisini, Mama dukani, Bibi kwa jirani, mimi chuoni, Fundi anakunywa chai. Chumbani na nyundo na hilo vumbi angekuwa nani? Dogo peke yake. Halafu vipande vingekwenda getini kujaza shimo, magari yanavisaga kila siku, na watoto wa jengo zima wanacheza pale pale. Dogo ana miaka 19, jumlishia thelathini. Na akiumwa atakuwa wapi wakati huo, atamkumbuka nani, atasema aliipata kwa elfu kumi na tano ya siku ipi?

Mjomba alikasirika, sitawaficha. Aliona tumesomeshwa ili tumzuie. Akauliza, kama ni sumu mbona Bibi amepika chini yake miaka arobaini na yuko hai anatukana wajukuu? Swali zuri, na jibu lake ndo lilimtuliza. Nilimwambia, "Mjomba, ndiyo sababu tuiache. Bodi nzima, haijavunjika, nyuzi zimeshikwa na simenti, hazitoki. Hatari ni kuivunja, kuitoboa, kuikwangua, kuipiga msasa. Bibi hajawahi kuipiga nyundo." Mama akadakia, "Na hapo hamna alama." Ikapita.

Kwa hiyo jiko la uani tumelifunika kombe, kwa nia njema safari hii. Hatukukwangua rangi ya zamani wala kufagia dari kwa ufagio mkavu. Tulifuta kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikaenda kwenye mfuko na kufungwa. Pale kona ilipokatika na kwenye ufa mmoja tulipaka rangi nzito mara mbili kwa brashi mpaka pakafungika. Halafu dari nzima rangi ya mafuta, brashi na rola, hakuna kusugua. Taa mpya imefungwa ukutani ili pasitobolewe tundu. Siku familia ikiwa na hela ya kuzitoa, zitatolewa na watu wenye vifaa na wanaojua pa kuzizika, siyo na Dogo. Na zile barakoa za kitambaa zilizobaki za mwaka 2020, msijidanganye nazo. Hazikubani usoni, vumbi la aina hii linapita pembeni.

Chumbani nako tukarudi kwenye mabonge 280. Tulijaribu njia tatu kwenye mabonge matatu: kukwangua kavu, maji ya baridi, maji ya moto yenye sabuni ya unga. Ya tatu ikashinda. Unalowesha kitambaa, unakibandika juu ya bonge, unasubiri robo saa, unarudi na mwiko uliobanwa chini chini, siyo wa kusimama wima maana unachimba zege. Ndani ya hiyo robo saa unalowesha mengine kumi. Dogo ndiye aliyevumbua mpango wa mistari, yeye mbele analowesha, mimi nyuma nakwangua, na zikatuchukua siku nne badala ya hesabu yangu ya kutisha. Barakoa ya N95 kila mtu, miwani, kofia ya kuogea. Maji machafu yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Dogo barakoa aliivaa, ila kila jirani akipita anaishusha shingoni kwa aibu, halafu anaipandisha tena. He he.

Siku ya tatu tukafika kwenye alama. Kigae kilipokuwepo hatukuona kitu, rangi ya Babu ilikuwa imefunika. Lakini mabonge ya pale hayakutaka hata maji, yalidondoka yenyewe na ngozi ya zege nyuma yake. Nikapiga simu kwa rafiki yangu wa ujenzi, akasema gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza. Zege zima linalia kavu, ko, ko, ko. Pale juu ya mto wa Bibi lililia kama debe tupu.

Alikuja mwenyewe na mwalimu wake Jumamosi. Tukasimamisha mirunda kushikilia, Fundi akagonga taratibu kwa tindo, na kipande kikashuka. Kipana kama sinia dogo, kinene kama kidole gumba. Tulikipima kwenye mizani ya jikoni ya Mama: kilo mbili na robo. Nyuma yake nondo mbili, nyekundu kwa kutu, urefu wa mkono.

Mwalimu akatueleza kwa lugha ya kawaida. Nondo ikiwa ndani ya zege zima haipati kutu. Ikipata maji na chumvi, na Upanga chumvi inakuja na upepo, inaanza. Kutu inachukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani, zege linaachia vipande. Bafu la juu lilikuwa linavuja kidogo kidogo, tone kwa tone, miaka. Vigae vilikuwa vinaficha na kunyonya ile sura. Bahati nondo zilikuwa bado nene, kutu haijala sana. Zimesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, zikapakwa dawa ya kuzuia kutu, pakajazwa saruji maalumu ya kuzibia. Lakini kwanza bomba la juu lilitengenezwa. Jirani wa juu, mzee wa watu, alitoa nusu ya gharama bila kuombwa mara mbili.

Mjomba alikuja jioni, akakishika kile kipande cha zege, akakigeuza geuza. Akatazama juu, akatazama mahali kitanda kinapokaa. Akauliza mirunda ikae siku ngapi. Akaambiwa. Hakutaja tena siku tatu.

Imechukua siku kumi na moja kwa jumla, na Bibi aliingia chumbani kwake siku nne baada ya mwandamo. Futari ya kwanza kaila sebuleni ananung'unika. Na jipsam hatukuweka. Mwalimu alisema dari ya zege ikae wazi angalau mwaka, tuione, alama ikirudi tuijue siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ni zege, pati na rangi nyeupe ya maji, basi. Bibi kaitazama, kasema, "Yote hiyo kazi, mbona hamna maua?"

Dogo nimemsaidia kujaza fomu ya veta, anataka umeme wa majumbani. Kwenye mlango wa jiko la uani, ndani, nimeandika kwa maka nyeusi: HII DARI USITOBOE, USIVUNJE, USIPIGE MSASA. Nimeweka na mwaka. Siku moja tutapangisha, au atakuja fundi mwingine na sisi hatupo, na yeye atakuwa na msaidizi wake.

Sasa ninyi. Mkienda kwenu wikiendi hii, tazameni juu. Kama ni vigae vya povu, angalieni mshumaa unakaa wapi. Kama ni bodi za kijivu za zamani, kwenye nyumba za kota, shule, stesheni, msiguse mpaka mtu wa kujua aseme. Kama kuna alama, iwekeeni mstari wa penseli kuizunguka, muone mwezi ujao kama imevuka. Mwenye swali la gundi aniandikie, sasa hivi mimi ni bingwa.

Msuli mwema. Jumatatu nina testi na sijafungua daftari.